Kabari ya Dawati la Kumi na Saba

Wanangu mnaoshika randa, nanyi wajukuu mnaokuja kuniomba habari za zamani halafu mnasinzia kabla sijafika katikati, leo nimeamua kuandika badala ya kusema. Nikisema huwa naruka mambo. Nikiandika pia naruka, lakini walau najiona ninaporuka.

Elimu yangu ni msahafu na madarasa mawili ya shule, basi. Msinitegemee kwa mambo makubwa. Ninachokijua ni mbao. Nilifanya useremala Lindi mjini miaka ya Mwingereza, baada ya vita vya pili, katika karakana ya tajiri mmoja wa Kihindi, na kazi yetu kubwa ilikuwa samani za shule. Mtu akitaka kujua zama zile nani alikuwa nani, aniulize walikuwa wakikalia nini.

Hilo la mwisho nimelisoma tena nikaona najivuna. Lakini niliache, maana ni kweli. Watoto wa Wazungu hawakuwa na shule pale kwetu. Walikuwa wachache, wakasafirishwa kwenda kusoma mbali, wengine hadi kwao. Kwa hiyo wao nilikuwa nawatengenezea masanduku ya safari, yenye kona za shaba. Watoto wa Kihindi niliwatengenezea madawati: mninga mtupu, kila mtoto na lake, kiti chenye mgongo, mfuniko wa bawaba, mfereji wa kulazia kalamu, na tundu la mviringo la kuwekea kidau cha wino. Watoto wetu niliwatengenezea mabenchi ya mbao zilizobakia, wakae wanne wanne, bila mgongo. Wa darasa la kwanza sikuwatengenezea kitu. Walikaa chini.

Sasa fikirini, randa ilikuwa mkononi mwangu mimi. Mtu mwingine aliiona shule ya Wahindi kwa nje akapita zake. Mimi kila mfuniko niliupapasa mpaka ukawa laini kama shavu la mtoto, huku najua kwamba shavu la mwanangu Issa halitaulalia hata siku moja. Ule ulikuwa wivu wa kila siku, wa saa za kazi, na ulikuwa na harufu ya mninga. Hata leo nikipita karakana nikaisikia harufu ile, naongeza mwendo.

Fundi wetu mkuu alikuwa Mhindi, jina lake Ratilal. Msimchanganye na tajiri. Tajiri alikuwa na karakana na maduka. Ratilal aliajiriwa kama mimi, akala vumbi la mbao kama mimi. Alizaliwa Kilwa Kivinje, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Mimi mtu wa Rutamba, hadi leo nikijigonga nyundo kinachotoka ni Kimwera. Ratilal ndiye aliyenifundisha kazi, na sitaki mtu aseme nimemnyima haki yake.

Alinifundisha kwamba mtoto hapimwi kwa kimo, anapimwa kwa goti. Kiti kikizidi goti miguu inaning'inia, na mtoto atawaza miguu badala ya hesabu. Alinifundisha kuunga ulimi na tundu lake: ukiingia wenyewe umelegea, ukihitaji nyundo utapasua mti, basi uingie kwa ngumi. Shikeni hilo. Mninga usipigwe msumari bila kutoboa kwanza kwa keekee. Na kabla ya kukabidhi kiti, kikalie. Ratilal alikuwa mrefu, lakini kila dawati la mtoto alijikunja akalikalia, magoti yakafika karibu na masikio, akashika kalamu ya hewani akaandika jina lake juu ya mfuniko. Dawati likitikisika hata kidogo, lilirudi.

Sakafu za shule hazijawahi kuwa sawa, wala sijui kwa nini. Kwa hiyo fundi wa shule hutembea na kabari mfukoni. Ikateni katika mti uleule wa dawati, kwa mshazari, upana wa kidole cha mwisho. Itieni chini ya mguu mfupi, kisha ifungeni kwa kijiti cha mwanzi na gundi. Kabari isiyofungwa itatoka, kwa teke la mtoto au kwa mkono wa mtu.

Nitaifikia hiyo ya mkono wa mtu. Nilijua kalamu itakimbilia huko. Niirudishe kwanza.

Kosa langu la kwanza la kuchekwa mjini lilikuwa la matundu ya wino. Shule ya Waafrika ilituletea agizo la meza nane kwa ajili ya darasa la nne. Meza, si mabenchi. Tulifurahi kama harusi. Mimi mkono wangu ulikuwa umezoea kipimo cha shule ya Wahindi, na bila kufikiri nikatoboa kila meza matundu manne ya wino, mazuri, nikayapiga msasa ndani. Wakati wa kukabidhi, afisa wa elimu, Mzungu, akaingiza kidole katika tundu moja akauliza wino utatoka wapi. Watoto wetu walikuwa wakiandikia penseli fupi na vibao vya sleti. Ratilal akaniambia pembeni, "Mfaume, umetoboa mahali pa kitu ambacho hakipo."

Nikaambiwa niyazibe. Mwalimu Mkuu, mtu mwembamba mwenye maneno machache, akasema yaachwe. "Tundu likiwepo, siku moja mtu atauliza wino uko wapi." Yakaachwa. Watoto wakayatia kokwa za ukwaju, wakafugia mende, wakapenyeza vidole kuwafinya wenzao mapaja. Kwa muda mrefu sikuweza kupita shule ile bila kuulizwa, "Fundi, wino umefika?"

Basi Ratilal alikuwa na mwana, Jayanti, rika moja na Issa wangu. Jayanti alisoma shule ya Wahindi. Mimi na baba yake tulishika msumeno mmoja, huyu huku na huyu kule, lakini jioni mtoto wake alirudi na daftari lenye maandishi ya wino, wangu akarudi na vumbi la sleti kwenye kiwiko. Nilimwonea wivu Ratilal kwa miaka. Daftari langu la siku zile limejaa yeye. Mahali pamoja nimeandika, "Ratilal leo kaona haya kubeba madawati pamoja nami."

Hilo la haya lilikuwa hivi. Tulipeleka madawati mapya shule ya Wahindi, na tulipofika nyuma ya ua akaniambia niingie mimi na hamali, yeye atangoja nje. Nikaona ananidharau. Nilipokuwa ndani kengele ya mapumziko ikalia, watoto wakatoka. Watoto wa wenye maduka, mashati yao yamenyooka, wakamzunguka Jayanti. Mmoja akamuuliza kama baba yake amemletea kiti. Mwingine akafanya sauti ya msumeno kwa mdomo, taratibu, huku akimtazama usoni. Wote wakacheka. Jayanti naye akacheka, akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Nikaona pia kwamba madawati mapya yaliwekwa mbele, na yeye alikuwa safu ya nyuma, kwenye yale ya zamani.

Nikaelewa kwa nini baba yake alibaki nje. Ningependa kuwaambieni kwamba wivu uliniisha siku ile. Haukuisha. Nilijisemea, angalau anachekwa akiwa amekaa.

Wivu wangu wa pili ulikuwa wa karibu zaidi, ukuta kwa ukuta. Jirani yetu alikuwa Karani Shaweji, wa ukoo wa watu wa Kilwa wa zamani, mwajiriwa wa boma. Mweusi kama mimi, tunaswali msikiti mmoja. Mtoto wake Nassoro alikaa benchi moja na Issa, maana serikali haikuwa na benchi la watoto wa makarani. Ningeweza kusema basi tulikuwa sawa. Lakini kwa karani kulikuwa na taa ya chemni mezani, na meza yenyewe, na kalamu na wino vilikuwa kama chumvi ya nyumbani. Mtoto aliandika kwa wino kabla hajajua kuogelea.

Mke wangu Somoe, bibi yenu, Mungu amrehemu, alikuwa na ulimi. Nassoro aliponunuliwa viatu akawa anavibeba mkononi visichakae, Somoe alisimama uani akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo, "Wengine watoto huvaa viatu. Wengine viatu huvaa watoto." Mke wa karani naye akajibu kwamba afadhali vya kubebwa kuliko vya kuotwa ndotoni. Wakanuniana tangu Shaabani hadi Idi.

Sasa mtihani. Watoto wa darasa la nne walifanya mtihani, na wachache, wachache sana, waliendelea shule ya kati. Waliobaki walirudi kwenye jembe au nyavu. Issa alikuwa na akili, nasema hivyo nikijua kila baba husema hivyo. Lakini habari ikaja kwamba mtihani utaandikwa kwa wino, kila mtoto peke yake, dawati lake. Issa hakuwahi kuchovya kalamu. Nilimwazimia moja, akaandika jina lake. Likatoka kama kuku aliyekanyaga masizi.

Nilirudi kazini nimenuna. Ratilal akaniuliza, nikamwambia. Alikuwa akipiga randa, hakusimama. Akasema, "Mlete hapa alasiri tukifunga kazi. Jayanti atamwonyesha."

Jayanti alikuja na kalamu ya nibu na chupa ya wino wa buluu, wakakaa kwenye dawati lililoletwa matengenezo. Mtoto yule alikuwa mwalimu. Usichovye kupita shingo ya nibu. Gusa ukingo wa kidau lile tone lirudi. Usikandamize, ukikandamiza nibu inafungua miguu inakojoa. Issa alicheka akakumbuka. Kwa wiki tatu walikuja, na sikuwahi kumsikia Ratilal akitaja kwamba ametusaidia. Nami, mnisamehe, nilimwonea wivu hata wema wake. Nilitamani ningekuwa mimi wa kuutoa.

Siku hizohizo Karani Shaweji alipita karakana na shati lake jeupe. Alitaka sanduku la safari. Kona za shaba, kama lile la Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa boma. Nikamuuliza la nani. Akasema la Nassoro.

"Mtihani bado, karani," nikamwambia.

"Wewe tengeneza, fundi. Mtihani ni wa watoto. Sanduku ni letu sisi wazazi."

Alitabasamu, na nadhani sasa hakuwa na ubaya. Lakini mimi nilisikia kwamba kwake mtihani umekwisha kufanywa. Nililitengeneza sanduku lile. Kila nilipopigilia kona moja ya shaba nilimwona Issa akienda shamba na jembe, na Nassoro akipanda meli. Kazi yenyewe ilitoka safi. Hata kwa hasira sijawahi kutoa kazi chafu, mpaka siku niliyotoa.

Kwa kuwa shule yetu haikuwa na madawati ya mtu mmoja, Mwalimu Mkuu aliwaomba wazee wa shule ya Wahindi wamwazime thelathini. Walikubali, na kwa uungwana, ila wakataka fundi awepo kuyapanga na kuyaangalia. Nikatumwa mimi. Tuliyavuta kwa mkokoteni, mimi na mahamali wawili, na watu wakatoka milangoni kutazama. Madawati ya Wahindi yanaingia shule ya Waafrika. Mzee mmoja akaniuliza kama Wahindi wanahama.

Alasiri ya kuamkia mtihani nilikuwa na Mwalimu Mkuu ndani ya darasa. Yeye alisoma majina, mimi nikabandika namba kwenye mifuniko kwa uji wa muhogo. Issa alikuwa namba tisa. Nassoro bin Shaweji, kumi na saba. Namba kumi na nane alikuwa mtoto wa Milola, jina lake lilisomwa nami sikulishika. Halafu Mwalimu akaenda kuswali.

Dawati la kumi na saba lilikuwa la safu ya nyuma kule kwa Wahindi, la zamani, mguu mmoja mfupi, na Ratilal alikuwa amelitia kabari. Nililiinamia kulikagua. Gundi ilikuwa imekauka na kijiti cha mwanzi kimeoza. Kazi yangu ilikuwa kufunga upya. Niliigusa kabari, ikacheza. Nikaivuta, ikaja. Nikasimama nayo mkononi. Nilisukuma dawati kwa kidole, likainama mbele, likarudi, likainama. Nikawaza kidau kilichojaa. Nikaitia kabari mfukoni.

Nimejiuliza mara nyingi kama niliamua au mkono uliamua. Kuwa mkweli, niliamua. Nilitoka nje, nikawasha sigara, nikawa na nafasi ya kurudi muda wote wa sigara ile.

Asubuhi watoto walikuja na wazazi wao, wengine wametoka mbali. Kwenye ukuta wa darasa, upande wenye kivuli, nilimkuta mtu mzima amechuchumaa, kanzu imepauka, miguu ina vumbi la rangi ya udongo wetu wa bara. Nikamwamkia, "Shikamoo." "Marahaba, fundi." Alikuwa ameniona na pimamaji. Nilipomwambia kwetu ni Rutamba, tukageuza tukasema Kimwera, akacheka kwa furaha akanimegea muhogo wa kuchoma. Yeye ni wa Milola. Wamekuja kwa miguu, wamelala njiani kwa watu. Mwanawe ndiye mtoto pekee wa shule yao aliyefikishwa kwenye mtihani.

"Hayo madawati umeyafanya wewe?"

Nikasema mengine mimi, mengine fundi wangu.

"Tangu jana ananiuliza mtu anakaaje humo. Nikamwambia kaa kama Liwali, usiegemee sana." Akanitazama vizuri, shati langu, kalamu yangu ya mbao sikioni. "Wewe una bahati, fundi. Mwanao amezaliwa ndani ya madawati."

Maisha yangu yote nilitazama juu, nikahesabu walionizidi. Haikunijia hata siku moja kwamba kuna mtu yuko chini yangu akinitazama mimi kwa macho yaleyale. Ila yeye hakuwa na wivu. Alisema kama mtu anayesema mvua imenyesha kwa jirani.

Kengele ikapigwa. Mwalimu Mkuu akasimama mlangoni akaita namba, na alipofika kumi na saba akasoma karatasi aliyoletewa asubuhi ile. Akasema Nassoro bin Shaweji hatafanya mtihani hapa. Ameshapata nafasi Dar es Salaam, kwa ndugu wa baba yake, barua imekuja, ameondoka jana usiku. Ndipo nikaelewa sanduku. "Sitaki dawati tupu katikati," Mwalimu akasema. "Kumi na nane asogee kumi na saba, na wa nyuma wasogee hivyo hivyo."

Mtoto wa Milola akaenda akakaa. Alikaa wima kabisa, kama Liwali.

Dirisha la darasa halikuwa na kioo, nami nilisimama hapo, mzee amechuchumaa chini yake. Nilimwona akichovya kalamu mara ya kwanza. Aliegemeza mkono, dawati likainama. Akaondoa mkono, likarudi. Akatazama chini kutafuta kosa lake. Alidhani ni kosa lake, nawaambieni, nililiona usoni. Akaanza kuandika bila kuegemea, mkono umeinuka hewani kama mtu anayepita juu ya moto. Kabari ilikuwa mfukoni mwangu. Niliishika mpaka kiganja kikatoka jasho.

Niliondoka hapo nikaenda mlangoni. Hilo nililifanya, andikeni kwamba nililifanya. Mwalimu Mkuu akanijia, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kuna nini, fundi?"

Nilimwona Issa namba tisa, ameinamisha kichwa, nibu yake inagusa ukingo wa kidau kama alivyofundishwa. Nikawaza: nikisema, ataniuliza kabari imetokaje. Nikisema, watasimamisha mtihani, na Issa atapoteza alichokuwa anakikumbuka. Na chini kabisa ya hayo kulikuwa na la tatu. Nafasi ni chache.

"Hakuna, Mwalimu. Naangalia madawati tu."

"Yako sawa?"

"Yako sawa."

Nilipogeuka nikasikia kidau kikianguka. Hakikupasuka. Wino ulimwagika kwenye karatasi na kwenye kifua cha mtoto, naye hakulia wala hakuinua mkono. Alipewa karatasi nyingine, muda ukiwa umekwenda.

Matokeo yalipokuja, waliochaguliwa walisomwa kwa mpangilio wa alama. Issa alikuwa wa pili kutoka mwisho. Mtoto wa Milola hakusomwa. Sitaki kuongeza wala kupunguza. Huenda asingefaulu hata kwenye dawati la Bwana Shauri. Mimi si mwalimu na karatasi yake sikuiona. Huenda angekuwa wa kwanza. Issa alisoma, akawa mganga wa zahanati, akaoa, akawazaa baadhi yenu mnaosoma hapa. Yeye jambo hili halijui. Msomeeni, mimi nilishindwa kumwambia. Na mwambieni kwamba alichokiandika siku ile alikiandika kwa akili yake na kwa mafundisho ya Jayanti, si kwa kabari yangu. Jayanti mwenyewe, shule ya Wahindi ilipomfikisha mwisho wake, wenzake wa maduka walipelekwa kusoma zaidi, yeye akaja karakana kushika randa. Akawa fundi mzuri kuliko sisi wote. Ratilal alimpokea tu, akamwonyesha mahali pa kutundika shati.

Kabari niliifunga siku ileile mchana, kwa gundi na kijiti kipya, kabla ya kuyarudisha madawati kwa wenyewe. Kabari mpya. Ile ya kwanza iko kwenye sanduku langu la zana, upande wa patasi, na mtakaporithi sanduku msiitupe mkidhani ni takataka. Na dawati lolote likalieni kabla ya kukabidhi. Likalieni hata kama hamjui nani atakaa. Hapo hasa.

Nimetazama daftari langu la siku ile. Nimeandika, "Leo mtihani. Madawati yote mazima. Jua kali." Hakuna zaidi. Kwa hiyo niandike leo kilichobaki, halafu nipumzike.

Watoto walipotoka, yule wa Milola alikuja polepole kwa baba yake. Wino wa buluu ulikuwa umemtapakaa kuanzia kifuani hadi kwenye mkono, umeingia hadi kwenye kucha. Nilidhani baba atamgombeza kwa shati. Mzee alisimama, akamshika mabega, akamgeuza kwenye mwanga amtazame vizuri. Hakujua kusoma, hakuwahi kuona mtu akitoka mtihanini.

"Tazama, fundi," akaniambia. "Ameandika mpaka shati limeandika."

Mtoto alinitazama mimi. Nami nikamwambia mzee, naam, ameandika.

Akalishika lile doa kwa vidole viwili, taratibu, kama mtu anayepima kitambaa dukani.

"Wewe mtu wa mjini, unaujua wino. Rangi hii ikifuliwa inatoka?"

"Haitoki, mzee wangu."

"Afadhali," akasema. "Mama yake ataiona."